Aya Niliyoiondoa

Dada yangu alipofariki katika hospitali ya Homa Bay, kazi ya kuandika historia yake nilipewa mimi bila mjadala. Kwetu hakuna mazishi bila historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, aliugua lini, alimalizaje. Husomwa kwa sauti mbele ya watu wote kabla ya jeneza kushushwa, na ikishasomwa huwa ndiyo hiyo. Nakala hutiwa ndani ya Biblia au juu ya kabati, na mtu akiuliza baada ya miaka, karatasi ndiyo hutolewa. Mimi ndiye niliyekuwa na digrii nyumbani, tena digrii ya masomo ya dini, tena sikuwa na kazi. Nani mwingine angeandika?

Dada alikuwa ameolewa Kisegi, upande wa Suba, na huko ndiko alikopaswa kuzikwa, nyumbani kwa mumewe. Sisi tulikuwa watu wa Awendo. Nilikuwa na siku tano.

Nieleze kwanza nilichokuwa nimesomea, kwa sababu bila hicho nisingefanya nilichofanya. Au labda ningefanya hata hivyo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na bado sijui.

Mwalimu wetu wa kwanza wa Agano Jipya alikuwa mzee mwembamba aliyetuagiza tununue kalamu za rangi nne. Tulipanga Injili bega kwa bega kwenye karatasi kubwa. Maneno yaliyofanana kila mahali tulipiga mstari mwekundu, ya wawili bluu, ya mmoja peke yake njano, na yale tuliyoshuku kwamba kanisa liliyaongeza baadaye tulipiga kijani. Mimi ni mtoto wa Wasabato. Nilikuwa nimekariri aya tangu nikiwa na meno ya utoto, na sasa nilikuwa nazipaka rangi kama ramani. Wiki za kwanza sikulala vizuri. Kisha nikazoea, kisha nikapenda. Mzee alitufundisha maswali matatu ya kumuuliza kila msimulizi. Je, yuko shahidi mwingine asiyemtegemea huyu? Je, simulizi hili linamfaidi anayelisimulia? Na je, lina jambo linalomtia aibu? Likiwa na aibu, alisema, huenda ni kweli, maana hakuna mtu anayejitungia aibu.

Nilipofika mwaka wa mwisho somo lenyewe lilikuwa limeanza kubadilika. Alikuja mwalimu kijana, mwanamke aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, akatuambia kwamba zile kalamu ziliundwa na watu waliokaa na vitabu maisha yao yote, wakadhani kila simulizi huzaliwa kwenye karatasi. Habari za Yesu zilikaa midomoni kabla hazijakaa kwenye ngozi, alisema, na mdomo haunakili, mdomo husimulia. Tofauti kati ya simulizi mbili si lazima iwe uongo. Inaweza kuwa ni msikilizaji ndiye aliyebadilika. Tena akatuomba tujiulize ni sauti za nani zilizoachwa nje wakati wa kuandika, na nani aliziacha. Likizo ilipofika alitutuma nyumbani tukakusanye tukio moja kutoka kwa watu watatu. Sikwenda kumuuliza mtu. Nilikaa bwenini nikabuni wasimulizi watatu, nikapata alama nzuri, na nikaamua kwamba mbinu yake ni ya watu wasiopenda kazi ngumu.

Sasa nirudi kwa dada.

Jina lake lilikuwa limefutwa kanisani. Alikwenda Kisegi kuwa mke wa pili, na kanisa letu halina nafasi ya mke wa pili. Mama alikuwa shemasi. Dada alipokuja mara ya kwanza kusalimia, akiwa na mtoto mgongoni, mama alisimama nyuma ya mlango uliofungwa akamwambia arudi alikochagua. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani. Nilikuwa kidato cha pili, nimeshika kitabu cha hesabu, na nilisikia mlango ukigongwa, kisha ukigongwa tena polepole zaidi, kisha viatu vikiondoka kwenye changarawe. Baadaye waliongea, wakatembeleana, maisha yakaendelea. Lakini kuhusu siku ile hawakusema neno hadi hospitalini.

Na hii ndiyo habari ya mama. Wiki mbili kabla ya mwisho, zamu ya kumuuguza ilikuwa yake. Ijumaa jua lilipokuwa likishuka alimwosha dada, akambadilisha nguo, akaketi kumkaribishia Sabato kama tulivyofanya nyumbani. Dada akaanza wimbo. Akauimba, beti kwa beti, kwa sauti ndogo lakini bila kukosea. Kisha akasema, "Mama, ulinifungia mlango." Mama akalia. Dada akamshika mkono, akamwambia, "Hayo yamekwisha. Waambie kanisani waandike jina langu."

Kwa mtu asiye wa kwetu hili laweza kuonekana dogo. Kwa mama lilikuwa kila kitu. Anaamini kwamba wafu wamelala, hawajui neno, hadi parapanda. Siku hiyo wataamka waliolala katika Bwana, na mama atawatafuta watu wake katika umati. Swali lake lilikuwa moja tu, kama binti yake atakuwemo.

Karani wa kanisa alikuja kwetu na baiskeli siku ya pili ya msiba. Daftari lilikuwa na jina la dada, na mstari juu yake. Lakini hakuja kunionyesha mstari. "Mwalimu," aliniambia, ingawa sikuwa nimefundisha hata siku moja, "mama yako hajawahi kutudanganya. Ukiandika kwamba alirudi, itasomwa kwamba amelala katika Bwana, na baraza likiketi tutaliandika jina upya. Usipoandika, itasomwa alifariki. Sisi tutafuata karatasi."

Nilipaswa kuhisi mzigo. Nakumbuka nilihisi fahari.

Nikaanza kazi yangu. Nilimwomba mama anisimulie, akanisimulia. Nikauliza shangazi alichoambiwa, na wanawake wawili wa kanisani. Nikachora karatasi yenye safu. Kwa shangazi beti zilikuwa mbili, kwa wanawake wa kanisani tatu. Kwangu mama alisema Ijumaa, kwa shangazi alisema siku ya Sabato. Kisha nikamuuliza dada wa mume, aliyekuwa akipokezana zamu na mama hospitalini, kama mgonjwa alikuwa akiongea katika wiki zile za mwisho. Akasema hapana. Kinywa kilikuwa na vidonda, aliomba maji kwa kidole.

Nilikaa na karatasi ile asubuhi nzima, trekta za miwa zikipita barabarani na kutikisa kikombe changu. Shahidi alikuwa mmoja. Tena simulizi linamfaidi anayelisimulia: mama aliyemfungia bintiye mlango anasamehewa na kuahidiwa kumwona tena. Hesabu ya beti haikubaliani, wala siku. Na shahidi wa pili anapinga. Ningekutana na aya kama hiyo katika Injili ningeipiga kijani bila kufikiri mara mbili. Lakini safari hii nilifikiri mara kumi, na mara zote kumi nilifika pale pale. Niliogopa sana kwamba nikimpendelea mama kwa sababu ni mama, nitakuwa sikusoma kitu.

Upande wa mume waliomba tuandike kwamba ilikuwa nimonia. Daktari alikuwa ametaja ugonjwa wenyewe, nami niliujua, lakini miaka ile jina lile halikutamkwa makaburini. Nikaandika nimonia. Kwa hilo sikudai mashahidi wawili.

Nikachapa kwa taipureta ya shule ya jirani. Aya ya mwisho ilisema aliugua kwa miezi minne, akalazwa Homa Bay, akafariki siku ya Jumanne asubuhi.

Kule Kisegi niliisoma mwenyewe. Upepo wa ziwa ulikuwa ukipiga turubai na ilibidi nipaze sauti. Mama alikuwa mbele kabisa, kwenye mkeka, na wanawake wa Awendo waliokuja naye. Alifuatilia kila kitu kwa kutikisa kichwa: kuzaliwa, ndiyo, shule ya msingi, ndiyo, watoto watatu, ndiyo. Nilipofika kwenye ugonjwa alitulia. Nikasema akafariki siku ya Jumanne asubuhi. Yeye akaendelea kuniangalia kwa adabu, kama mtu anayengoja msemaji amalize kukohoa. Nikaikunja karatasi. Nilimwona akimwinamia mwanamke wa pembeni yake, na kwa sababu upepo ulikuwa umetulia kidogo, nilisikia. Alikuwa akiuliza kama kuna karatasi nyingine.

Siku ya tatu baada ya kurudi Awendo alinikuta nyuma ya nyumba.

"Nyathina," alisema. Ndivyo anavyoniita, mwanangu. "Kile kipande cha Ijumaa kilipotea?"

"Hakikupotea, Mama. Nilikiacha."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitaka kujua tu, kama mtu anayeuliza mbolea iwekwe lini. Nikamweleza. Nilimwambia historia ina masharti yake, kwamba jambo la shahidi mmoja haliwezi kusimama, hata Torati yenyewe inataka vinywa viwili au vitatu. Aliijua aya hiyo kuliko mimi, akaitikia kwa kichwa. Nikajaribu kumwonyesha kwamba kusema jambo halithibitiki si kusema halikutokea. Chuoni tofauti hiyo ilituchukua mihula miwili. Mama aliisikiliza, akaipima, akairudisha.

"Wewe umesoma," alisema. "Kama ungeona ni kweli ungeandika."

Tangu siku hiyo hakuisimulia tena. Mwanzoni nilidhani ananikwepa mimi tu. Lakini shangazi aliniambia kwamba wanawake walipomuuliza kanisani, mama alijibu kwamba mtu anayeuguza husikia mengi kwa uchovu. Karani naye hakuja tena na daftari. Alifuata karatasi, kama alivyosema.

Mwaka uliofuata nilipata kazi Homa Bay, katika shule iliyokuwa ikiajiri walimu kwa michango ya wazazi. Nilifundisha somo la dini kidato cha tatu. Tulipofika kwenye habari za kaburi tupu, nikawaeleza jinsi wanafunzi wa Yesu walivyokataa kuwaamini wanawake waliorudi na habari, hadi wanaume walipokwenda kuangalia wenyewe. Nikauliza kwa nini. Msichana mmoja wa nyuma, mwenye mdomo mwepesi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hata kwetu ndivyo. Mama akisema ameona nyoka chooni, lazima baba aende akahakikishe kwanza."

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikamuuliza kama baba alipokwenda nyoka alikuwepo.

"Huwa yupo," alisema. "Mama yangu hana kazi ya kutunga nyoka."

Wakacheka zaidi. Mimi nikageukia ubao nikaandika kitu, sijui nini, kwa sababu mkono ulikuwa umeshika chaki na sikutaka wanione uso.

Wiki hiyo nilitoa ile karatasi ya safu. Nilikuwa nimeihifadhi, mimi huhifadhi kila kitu. Nikaanza na siku. Ijumaa, na Sabato. Nilikuwa nimezipiga mstari kama mgongano. Mimi, mtoto wa Wasabato, niliyelelewa nikiambiwa kila wiki niache kucheza maana jua linazama na Sabato inaingia. Mama alisema Ijumaa kwa sababu ilikuwa Ijumaa, akasema Sabato kwa sababu jua lilikuwa limezama. Chuo kilinifundisha kuhesabu siku kutoka usiku wa manane, nami nikamhesabia mama hivyo, nikamkuta na kosa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni kumtafuta dada wa mume wa marehemu, ambaye alikuwa akileta dagaa wa omena Homa Bay. Alinitania kama kawaida ya mashemeji, kwamba msomi wao anakonda kama chaki yake, na kwamba wake wa Kisegi wangenirudishia mwili kwa mwezi mmoja. Nilimwacha amalize. Kisha nikamuuliza kuhusu zamu za wiki ile. Akakumbuka bila shida. Aliondoka Alhamisi, akarudi Jumapili.

"Lakini uliniambia hakuwa akiongea," nilisema.

"Na mimi hakuongea nami. Hukuniuliza siku, shemeji. Uliniuliza kama anaongea."

Nikamuuliza alimkutaje Jumapili. Akafikiri, akasema alimkuta ametulia. Zaidi ya hapo hakujua. Nilikwenda hadi wodini kuuliza nani alikuwa kitanda cha jirani wiki ile, na muuguzi mmoja akaniangalia kwa huruma nisiyostahili. Vitanda vile vilikuwa vimebadilisha watu mara nyingi mno.

Lakini lililonivunja ni jambo la tatu, nalo lilikuwa mbele yangu tangu mwanzo. Ulinifungia mlango. Katika kila usimulizi maneno hayo yalikuwemo. Beti ziliongezeka na kupungua, siku ilibadilika jina, lakini maneno hayo hayakusogea hata kwa shangazi, hata kwa wanawake wa kanisani ambao mama angeweza kabisa kuwaficha. Shemasi anawaambia wanawake wa kanisa lake kwamba bintiye alimshtaki. Hiyo ndiyo aibu aliyotufundisha mzee wa kalamu. Kwa kipimo chake mwenyewe, kipimo nilichokiamini, mama alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimeyaruka maneno hayo kwa sababu niliona hayafai kusomwa mazishini. Na yule mwalimu kijana niliyemdharau alikuwa ameuliza swali moja tu la maana, ni nani aliyeziacha sauti nje, na jibu lilikuwa jina langu.

Niliazima redio ya kaseti, nikanunua mkanda mpya, nikaenda Awendo Jumapili. Mama alikuwa uani anapepeta mtama kwa ungo. Nikamwambia nataka anisimulie habari za dada, nizihifadhi kwa sauti yake. Alifurahi kwa kuwa nilikuwa nimekuja. Akafuta mikono, akanyoosha leso yake, kana kwamba mashine ile ingepiga picha. Nikabonyeza kitufe.

Akaanza. Alizaliwa Awendo, akiwa mtoto wa kwanza. Akasoma shule ya msingi, kisha miaka miwili ya sekondari. Akaolewa Kisegi, akajaliwa watoto watatu. Aliugua kwa miezi minne, akalazwa Homa Bay, akafariki siku ya Jumanne asubuhi. Ilikuwa karatasi yangu, sentensi kwa sentensi, kwa mpangilio wangu. Alikuwa amemwomba mtu amsomee hadi ikamkaa kichwani.

"Si hiyo, Mama," nilisema. "Ile ya Ijumaa."

Kuku walikuwa wakijisogeza karibu na ungo, akawafukuza kwa mguu.

"Ya mlango?"

"Ya mlango na wimbo."

"Ya mlango ni kweli," alisema. "Hiyo tuko wawili tunaoijua, wewe ulikuwa ndani. Ya wimbo niko peke yangu."

Nikamwambia kila kitu. Nilimwambia kuhusu jua kuzama, kuhusu Alhamisi na Jumapili, kuhusu idadi ya beti kuwa si kitu kwa mtu anayesimulia kwa mdomo. Nikamwambia kwamba ni yale maneno ya mlango ndiyo yanayothibitisha wimbo, kwamba asingeyataja kama angekuwa anajitungia faraja. Nikamwambia wasomi wenyewe wamebadilika, kwamba leo nisingeandika vile. Niliongea kwa muda mrefu. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni, uso umeinama, mikono imetulia. Kisha akauweka ungo chini, akainua macho, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu aliponingoja pale mkekani Kisegi nifungue karatasi nyingine.

"Umempata mtu mwingine aliyesikia?"

Mkanda ulikuwa ukizunguka. Nilifikiria wodi ile, vitanda vile, jina lolote la mwanamke yeyote. Ingechukua neno moja, na yeye angeliamini kama alivyoamini kila nililomwambia.

"Hapana, Mama," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua tena ungo wake, na baada ya muda akaniambia nizime kile chombo, betri zisiishe bure.